Vidole Katika Baridi ya Mau: Historia ya Lupasi na Mzunguko wa Damu Nyanda za Juu za Nakuru

Lupasi ni ugonjwa wa mfumo wa kinga. Kinga ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo, moyo, mapafu, ubongo na kuta za mishipa ya damu. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kuzaa. Mishipa midogo ya mikono na miguu huathirika kwa njia kadhaa. Iliyo ya kawaida zaidi huitwa hali ya Raynaud: vidole vikipata baridi, ateri zake ndogo hujibana kupita kiasi na damu haipiti. Kidole hupauka, kikafa ganzi, kikaingia rangi ya buluu, na damu inaporudi huwa chekundu na kuuma. Karibu theluthi moja ya wenye lupasi hupata hali hiyo.

Dalili inayoamshwa na baridi hutegemea sana mahali mtu anapoishi. Sachangwan ni kituo kidogo cha biashara kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, upande wa Molo, pale barabara inapopanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit. Wakenya wengi walilijua jina hilo kwa ajili ya moto wa tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka likaua zaidi ya watu 100. Katika historia ya ugonjwa huu, jambo la kuzingatia ni kimo cha mahali. Mji wa Molo uko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi zake ni za ukungu na baridi kali, na mara nyingine sakitu hulala juu ya majani. Mtu ambaye mishipa yake hushtushwa na baridi angeweza kuishi Mombasa miaka mingi bila kujua. Molo, mikono yake ingemwambia mapema.

Watu, kazi na baridi

Wakazi wa kale wa msitu wa Mau, Waogiek, walivaa majoho ya ngozi za perere zilizoshonwa pamoja, vazi lililofaa hali ya hewa ya huko. Nyuki, wanyama na miti ya dawa ndivyo vilivyowalisha na kuwatibu. Mwishoni mwa karne ya 19 reli ilianza kujengwa kutoka pwani. Ikavuka mgongo wa Mau, ambako njia ilipanda zaidi ya mita 2,500, na ikafika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901. Baada ya mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na ardhi ya Njoro, Molo na Mau ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Wao walipenda hali ya hewa iliyofanana na ya kwao na wakaanza kufuga kondoo na kulima ngano. Vibarua wa Kiafrika waliofanya kazi mashambani humo walitoka hasa katika jamii za Wakikuyu na Wakalenjin.

Zao lililohitaji mikono kuliko mengine yote lilikuwa pareto. Liliingizwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na likaota mizizi katika eneo la Nakuru. Ua la pareto lina sumu ya kuua wadudu, na mmea wenyewe hautoi maua vizuri bila usiku wa baridi, ndiyo maana ulistawi Molo na Mau ilhali katika nchi za chini haukufaa. Maua huchumwa moja moja kwa vidole, na kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake na watoto. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa uzalishaji wa pareto, na bodi iliyosimamia zao hilo ilikuwa na makao yake Nakuru. Viazi vya Molo, kukamua ng'ombe alfajiri, kufua kwa maji ya mtoni na kuchuma mboga zenye umande ni kazi nyingine za ukanda huo zinazoanzia kwenye ncha za vidole. Walio katika hatari kubwa zaidi ya kupata lupasi, yaani wanawake wa umri wa kuzaa, ndio hao hao waliofanya sehemu kubwa ya kazi hizo.

Jina lilivyopatikana

Hali ya vidole kupauka ilielezwa kwa mpangilio mara ya kwanza mjini Paris. Mwaka 1862 daktari kijana Maurice Raynaud alitoa tasnifu yenye maelezo ya wagonjwa 25 ambao vidole vyao vilikosa damu na wengine wakaoza ncha. Raynaud aliamini kuwa chanzo ni neva zinazobana mishipa kupita kiasi. Mwingereza Thomas Lewis alipinga mwaka 1929, akionyesha kwamba kasoro inaweza kuwa katika mishipa ya kidole chenyewe. Mwaka 1932 madaktari wa Marekani, Allen na Brown, walitenganisha makundi mawili. La kwanza ni la watu wenye hali hiyo pasipo ugonjwa mwingine. Mara nyingi huwaanza ujanani na haiwadhuru sana. La pili ni la wale ambao nyuma ya vidole vyao kuna ugonjwa mkubwa zaidi. Lupasi imo katika kundi hilo la pili.

Lupasi nayo ilikuwa na safari yake. Karne nyingi jina hilo lilitumiwa kwa vidonda vingi vya uso, vikiwemo vya kifua kikuu cha ngozi. Mwaka 1851 Mfaransa Pierre Cazenave aliipa aina moja ya vipele vyekundu jina lake la pekee. Mwaka 1872 Moriz Kaposi wa Vienna alionyesha kuwa ugonjwa huo haukomei usoni, kwani wengine hupata homa, maumivu ya viungo na hata kufa. Kuanzia 1895 William Osler, akiwa Baltimore, alieleza jinsi unavyoingia moyoni, mapafuni na kwenye figo. Mwaka 1888 Jonathan Hutchinson wa London aliandika juu ya wagonjwa wa lupasi wenye uvimbe wa zambarau kwenye vidole na masikio wakati wa baridi, aina ambayo hadi leo hutajwa peke yake.

Kipimo cha maabara kilichelewa. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic waligundua chembe ya pekee katika uboho wa wagonjwa wa lupasi. Mwaka 1957 kikapatikana kipimo cha kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, ambacho ndicho kinachotumika hadi leo kama hatua ya kwanza. Chama cha madaktari wa maradhi ya viungo cha Marekani kilipotoa vigezo vya kwanza vya kuitambua lupasi mwaka 1971, hali ya Raynaud ilikuwa mojawapo. Vigezo vilipopitiwa upya mwaka 1982 iliondolewa, kwa kuwa inaonekana pia kwa watu wengi wasio na lupasi. Dalili haikukoma kwa wagonjwa. Ilipoteza tu nafasi yake katika orodha ambayo madaktari walifundishwa kuhesabu.

Ugonjwa uliodhaniwa haupo

Wakati maarifa hayo yakikua Ulaya na Marekani, hospitali za Kenya zilitenganishwa kwa rangi. Nakuru ilikuwa na hospitali ya Wazungu iliyojengwa kwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waafrika walitibiwa kwingine. Nairobi, hospitali ya Waafrika iliyoanzishwa mwaka 1901 ilipewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Nguvu za madaktari zilielekezwa kwenye malaria, kifua kikuu, tauni, ndui na utapiamlo. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kuanzia 1929 na baadaye Mulago nchini Uganda, alichapisha mwaka 1960 kitabu kizima juu ya maradhi yasiyoambukizwa barani Afrika. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kuuliza kwa nini magonjwa fulani ya Ulaya yalionekana kuwa haba kwa Waafrika.

Kuhusu lupasi, wazo la uhaba lilidumu. Wanawake weusi wa Marekani na Uingereza walionekana kuugua mara nyingi kuliko weupe, lakini taarifa kutoka Afrika zilikuwa chache mno. Mwaka 1995 mtafiti wa Uingereza Deborah Symmons alilijadili fumbo hilo: ama ugonjwa huongezeka kadiri watu wa asili ya Kiafrika wanavyoishi mbali na Afrika, ama barani kwenyewe hautambuliwi. Mahali pasipo na kipimo cha kingamwili, pasipo na daktari bingwa wa maradhi ya viungo na penye maradhi mengine mengi yanayoleta homa, ugonjwa adimu na ugonjwa usiotambuliwa hutoa takwimu zile zile. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1967, na kwa miaka mingi mabingwa wa maradhi ya viungo nchini walihesabika kwa vidole. Kadiri walivyoongezeka, wagonjwa nao walionekana. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza wagonjwa 100 wa lupasi, na karibu wote walikuwa wanawake.

Kwa mgonjwa wa Sachangwan au Molo, majina mengine yalitangulia. Viungo vikiuma, ilikuwa baridi yabisi. Homa ikipanda, ilikuwa malaria, hata mahali palipo juu kiasi kwamba mbu wa malaria hapapendi. Vidole vikifa ganzi na vidonda visipopona, hofu ilikuwa ukoma, ugonjwa ambao kwa muda mrefu ulimfanya mtu atengwe. Ukoma na lupasi vinaweza kufanana kwa mtazamo wa haraka, maana vyote huleta mabaka ya ngozi, ganzi na vidonda vya vidole. Tofauti ni kwamba ganzi ya ukoma haiondoki mtu akiota moto, ilhali ile ya Raynaud huja na baridi na kuondoka na joto. Lupasi nayo inaweza kuharibu neva, na hapo ganzi hubaki. Katika ukanda wa mbao wa Elburgon na Mau kulikuwa na jambo la tatu la kufikiria: mitikisiko ya misumeno ya mashine hupausha vidole vya wanaoitumia kwa miaka, jambo ambalo Alice Hamilton alilithibitisha kwa wachonga mawe wa Indiana mwaka 1918.

Kulikuwa na kizuizi kingine. Vitabu vya tiba vilieleza rangi tatu, nyeupe, buluu na nyekundu, kama zilivyoonekana kwenye ngozi za Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani wazi mgongoni mwa vidole. Huonekana kwenye viganja, chini ya kucha na kwenye ncha za vidole, ambako rangi ya ngozi ni nyepesi, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe huona kijivu tu na ganzi. Muuguzi aliyefundishwa kusubiri kidole cheupe angeweza kumtazama mwenye ugonjwa akasema mikono yake ni mizima.

Mishipa inavyoharibika

Si kila tatizo la mzunguko wa damu kwa mwenye lupasi ni Raynaud. Kubanwa kwa ateri huanza na kuisha, na kwa wagonjwa wengi wa lupasi hakuachi kovu. Hatari huongezeka ngozi ya ndani ya mishipa inapojeruhiwa na kingamwili, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayotoa kemikali za kuulegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya protini iitwayo RNP, iliyoelezwa katika ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi na kundi la Gordon Sharp mwaka 1972, hupata hali ya Raynaud mara nyingi zaidi.

Njia ya pili ni kuvimba kwa kuta za mishipa yenyewe. Hapo hutokea madoa madogo mekundu au meusi kwenye ncha za vidole na pembezoni mwa kucha, na vidonda vyenye maumivu kwenye vifundo vya miguu. Hali hiyo haihitaji baridi ili itokee, na huashiria kwamba ugonjwa umeamka mahali pengine pia.

Njia ya tatu ni damu kuganda. Mwaka 1983 Graham Hughes wa London alieleza kundi la wagonjwa, wengi wao wa lupasi, ambao damu yao ilikuwa na kingamwili zinazosababisha kuganda kwake katika vena na ateri na pia kuharibika kwa mimba mara kwa mara. Kwa mtu wa aina hiyo ngozi ya miguu huonyesha michoro ya zambarau kama wavu, na mguu mmoja unaweza kuvimba ghafla kwa damu iliyoganda, au kidole kikawa cheusi ndani ya saa chache. Aina ya nne ni uvimbe wa baridi ulioelezwa na Hutchinson: vidole vya miguu huwasha, huvimba na kupasuka katika baridi yenye unyevu, hasa kwa mtu anayeshinda na viatu vilivyolowa.

Katika nyanda za juu aina hizi huchanganyika kwa urahisi, kwa kuwa baridi huzidisha karibu zote. Kinachozitenganisha ni muda na upande. Kidole kinachopauka na kurudi hali yake ndani ya dakika chache au saa moja kinahitaji joto na uchunguzi wa utaratibu. Kidole kinachobaki cheusi, au mguu mmoja unaovimba na kuuma, unahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zilivyobadilika

Tiba ya kale kuliko zote ni joto. Jiko la makaa, soksi nene, glavu za sufu na blanketi ni matibabu halisi, mradi mwili wote upate joto na si mikono peke yake, kwani mwili ukipoa katikati hubana mishipa ya pembeni ili kulinda moyo na ubongo. Moto una hatari yake: kidole kilichokufa ganzi hakisikii kinapoungua, na kuinyoosha mikono juu ya makaa kumewaachia wengi malengelenge. Maji ya uvuguvugu ni salama zaidi. Sigara na ugoro hubana mishipa na kuzidisha hali, na ndivyo zinavyofanya baadhi ya dawa, ikiwemo propranolol inayotolewa kwa shinikizo la damu na dawa za kipandauso zenye ergotamini.

Katika miaka ya 1920 madaktari wa upasuaji wa Mayo Clinic walianza kukata neva zinazobana mishipa, kwa kufuata wazo la Raynaud. Matokeo yalikuwa mazuri kwa miguu kuliko kwa mikono, na mara nyingi hayakudumu. Kuanzia miaka ya 1980 nifedipini, dawa ya shinikizo la damu inayolegeza ateri, ikawa chaguo la kwanza. Ni dawa ya bei nafuu inayopatikana katika hospitali nyingi za Kenya.

Kuhusu lupasi yenyewe, historia ya dawa yake kuu inapita katika malaria. Mwaka 1894 Joseph Payne wa London alieleza kuwa kwinini ilisaidia vipele vya lupasi. Katika Vita vya Pili vya Dunia majeshi yaliyokuwa katika nchi za joto yalimezeshwa mepakrini, dawa ya malaria, kila siku, wakiwemo askari wa King's African Rifles waliopigana Burma, na baadhi ya wanajeshi wenye vipele na maumivu ya viungo wakapata nafuu. Mwaka 1951 Francis Page alichapisha taarifa ya wagonjwa wa lupasi waliotibiwa kwa dawa hiyo. Haidroksiklorokwini iliidhinishwa Marekani mwaka 1955 na hadi leo ndiyo msingi wa matibabu ya lupasi: hupunguza milipuko ya ugonjwa, hulinda figo na hupunguza uwezekano wa damu kuganda. Jamaa yake, klorokwini, ilijaa katika zahanati za Kenya hadi serikali ilipoiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia haidroksiklorokwini ikidhani inatibu UVIKO-19, wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi walipata shida kuipata.

Kotizoni na jamaa zake, zilizoanza kutumika baada ya kazi ya Philip Hench mwaka 1948, ndizo zilizookoa maisha ya wenye lupasi kali. Hupewa ikiwa mishipa au figo vimevimba, lakini hazitibu Raynaud ya kawaida, na zikitumiwa ovyo huleta kisukari, shinikizo la damu na mifupa dhaifu. Kwa wenye kingamwili za kugandisha damu, dawa ya kuzuia kuganda huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, jambo linalomlazimu mgonjwa wa kijijini kusafiri.

Umbali

Tiba ya namna hii hudai mwendelezo, na ukanda wa Molo haukuwa na utulivu wakati wote. Machafuko ya kikabila ya 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafukuza maelfu makwao, na wengi wakalala katika mahema kwenye baridi ya nyanda za juu. Mgonjwa wa lupasi aliyepoteza nyumba, kadi ya kliniki na dawa kwa usiku mmoja alipoteza pia kinga ya vidole vyake.

Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimekuwa chini ya kaunti. Hospitali kuu ya Nakuru, iliyokuwa ya mkoa, sasa ni hospitali ya rufaa na mafunzo, na wanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Egerton hujifunza humo. Kipimo cha kingamwili kinachoanza safari ya utambuzi bado hugharimu fedha nyingi kuliko kipato cha siku cha mvuna viazi. Hata hivyo si kila hatua inangoja kipimo hicho. Kutazama kucha na viganja wakati wa baridi, kuuliza kama vidole hubadilika rangi, kupima shinikizo la damu na kuchovya kijiti katika mkojo kutafuta protini na damu ni mambo yanayowezekana katika kituo cha afya cha kawaida. Mkojo huonyesha figo zilizoanza kuumia wakati mgonjwa bado hasikii lolote.

Kwa hiyo mwanamke kijana wa nyanda za juu ambaye vidole vyake hupauka na kufa ganzi kwa baridi, huku viungo vikimuuma au nywele zikimtoka, asiambiwe kwamba ni hali ya hewa ya Molo tu. Apimwe mkojo na shinikizo la damu siku hiyo, kisha atumwe Nakuru akapimwe lupasi.